Umeona fremu ya shoki mbili inauzwa? Kagua hivi kabla vilima vya Marani vikuonyeshe mambo

Kama umewahi kutoka Kisii tao ukielekea Marani, unajua hiyo side haina kitu inaitwa tambarare. Barabara inapanda, inapiga kona, inashuka, na kabla upumue inapanda tena. Kando ni migomba, majani chai, napier na maparachichi, na katikati ya hizo shamba kuna vinjia vya miguu vinateremka mpaka mtoni. Kwa mama amebeba mkungu wa ndizi, hizo njia ni mateso. Kwa chali wa miaka 19 mwenye baiskeli, hizo njia ni raha ya bure.

Juzi binamu yangu wa huko Marani akanitumia picha kwa WhatsApp. Fremu ya rangi ya machungwa, shoki ya nyuma iko na springi nene kama ya mathree. Chini ameandika: "Kaka, ngiri thelathini. Jamaa anasema ni ya kushuka mlima, orijino kabisa. Nitume doh ya kushikilia?"

Nikamjibu neno moja: ngoja.

Hizo ngiri thelathini hakuziokota. Ni miezi kumi ya kuendesha nduthi ya wenyewe na kuuza avokado msimu ukifika. Lakini si doh tu. Kwa baiskeli, breki ikilegea utajaribu kushusha mguu. Tairi ikitoa pumzi utayumba na pengine usimame. Fremu ikikatika shingoni ukiwa spidi, gurudumu la mbele linaenda kwake na wewe unaenda na uso. Hakuna kujipanga.

So kabla hujatuma doh kwa mtu, soma hii yote. Ni vitu nilimwambia binamu, na ni vitu yoyote anaeza fanya na tochi ya simu, uzi, rula na macho yake.

Kwanza, jua unataka kufanya nini

Watu wanachanganya daunihili na friraidi. Daunihili ni mashindano ya saa. Unaanza juu, unamaliza chini, mwenye dakika chache ndio mshindi. Mashindano ya dunia ya UCI ya huo mchezo yalianza 1990. Friraidi haina haraka ya saa. Unachagua njia yako, unaruka mawe, unadondoka kutoka kwa kingo, na watu wanaangalia vile umeifanya. Shindano linalojulikana sana ni Red Bull Rampage kule Utah, Marekani, lilianza 2001.

Na usidhani hii kitu ilianzishwa na watoto wa matajiri. 1976, kule California, mbogi ya wasee walikuwa wanashuka mlima karibu na mji wa Fairfax na baiskeli kuukuu za chuma, nzito, za gia moja, cousin wa Black Mamba zetu. Breki ilikuwa ile ya kukanyaga pedali nyuma. Wakifika chini, breki imeshika moto mpaka grisi imeungua yote, inabidi wapake ingine. Ndio maana mbio zao ziliitwa Repack, yaani kupakia grisi upya. Fremu pia zilikuwa zinapinda na kukatika. Mwaka uliofuata, 1977, mmoja wao, Joe Breeze, akaamua kuunda fremu mpya maalum ya mlima. Hakuanza na gia ama rangi. Alianza na fremu.

Stika ndogo yenye inasema ukweli

Kitu cha kwanza tafuta stika ama maandishi ya kiwango, mara nyingi yako chini ya fremu karibu na pedali ama kwa bomba la kiti. Kampuni nyingi zinafuata mpangilio wa ASTM wa madaraja 1 hadi 5.

Daraja 1 ni lami. Daraja 2 ni murram na kuruka kusikozidi sentimita 15. Daraja 3 ni njia za msituni, kuruka mpaka sentimita 61. Daraja 4 ni njia mbaya zaidi, mpaka sentimita 122. Daraja 5 ndio ya daunihili, friraidi na kuruka kwa fujo. Kama unataka kudondoka kutoka kwa ukingo wa shamba lenye matuta, na ule ukingo unakufika kifuani, hiyo ni kazi ya daraja 5. Fremu ya daraja 3 itakubeba mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hiyo ndio shida yake. Haivunjiki siku unaijaribu, inavunjika siku umeizoea.

Sasa kuna zile baiki za shoki mbili za dukani na za mtumba wa bei rahisi. Kwa picha zinakaa noma. Lakini ukiangalia vizuri, zingine ziko na stika inasema wazi hazifai kutumika nje ya barabara nzuri ama kuruka nazo. Watu hubandua hiyo stika juu inaharibu biashara.

Kama hakuna stika, angalia dalili. Je, mahali pa breki ya nyuma kuna vishikio vya breki ya diski, ama ni ya mpira wa kubana rimu tu? Hakuna fremu ya kweli ya kushuka mlima ya miaka ya karibuni inakosa vishikio vya diski. Viungo vya nyuma viko na beringi ama ni vibomba vya plastiki? Na shoki yenyewe: ni springi tupu ama iko na mafuta ndani?

Hapo kwa mafuta wasee wengi huingizwa box. Springi kazi yake ni kumeza kishindo. Lakini ikimeza lazima itapike. Kwa shoki ya kweli, springi ama hewa inameza, halafu mafuta yanapita kwa vitundu vidogo ndani na kupunguza kasi ya kurudi. Bila hayo mafuta uko juu ya kitanda cha springi. Unagonga jiwe moja, nyuma inakurusha, jiwe la pili linakupata bado uko hewani. Test ni rahisi. Kaa, dunda nyuma mara moja, achilia. Ikirudi pole na kutulia, iko sawa. Ikiendelea kucheza juu chini mara tatu, aidha mafuta yameisha ama hayakuwahi kuwa.

Milimita na digrii, bila kuumiza kichwa

Kila fremu imeundwa kwa mwendo fulani wa gurudumu la nyuma, yaani umbali gurudumu linaeza panda likimeza kishindo. Baiki za mbio za msituni ziko na kama milimita 100 hadi 120. Za njia za kawaida za mlima ni 130 hadi 150. Enduro ni 160 hadi 180. Friraidi ni 170 hadi 200. Daunihili ya mashindano ni kama 200.

Kitu kingine ni pembe ya shingo, yaani vile foki imelala. Kwa baiki ya mbio za msituni shingo imesimama, digrii 67 hadi 69. Kwa za kushuka imelala zaidi, digrii 62 hadi 64, na fremu za kitambo kidogo zilikuwa 64 hadi 66. Foki ikilala, gurudumu la mbele linakaa mbali mbele yako. Kwa mteremko mkali hiyo ndio inakuzuia usipitie juu ya usukani. Ubaya wake, ukipanda mlima polepole gurudumu linatangatanga.

Kama baiki imekamilika na iko na magurudumu, unaeza pima na simu. Tafuta programu ya kupima usawa, weka baiki kwa sakafu iliyonyooka, egemeza simu kwa foki, soma digrii. Kama ni fremu tupu hiyo test haifanyi kazi, juu pembe inategemea urefu wa foki utaweka. Hapo tafuta jina la fremu na mwaka wake, halafu usome vipimo vya kampuni.

Na jo, usidanganywe na ukubwa. Daunihili kamili ya kilo 16 ama 17 imeundwa kwa watu wanabebwa juu na lifti ama gari. Marani lifti ni miguu yako, ama msee wa nduthi akubali kukubeba na baiki mgongoni. Ukitaka kushuka mara tano kwa siku, utapanda mara tano. Kwa hizo vilima, mimi ningechukua fremu ya milimita 160 hadi 180 yenye unaeza kupanda nayo ukiwa umeketi, kuliko ya 200 yenye utaisukuma siku yote. Fremu ya 200 ni poa kama uko na mbogi na gari ya kuwapandisha.

Nyufa: hapa ndio kazi iko

Osha fremu kwanza. Sabuni ya vyombo, maji, kitambaa. Muuzaji akikataa uoshe, hiyo tayari ni jibu.

Halafu washa tochi ya simu, ishikilie upande ili mwanga upige fremu kwa kulala. Ukimulika moja kwa moja huoni kitu. Anza hapa:

Chini ya shingo, mahali bomba la juu na la chini zinaungana na shingo. Hapo ndio kishindo chote cha mbele kinapita. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu tu na shingo. Ukisikia mawimbi, kama karatasi iliyokunjwa, hiyo fremu iligonga kitu uso kwa uso. Rangi iliyopasuka vipande hapo ni habari mbaya hata kama bomba linakaa sawa.

Kwa welding zote. Ufa wa kweli mara nyingi unafuata ukingo wa welding, mwembamba kama unywele. Mkwaruzo wa kawaida unakatiza popote. Chukua kitambaa chembamba, pitisha polepole. Kikinasa nyuzi, rudi hapo uangalie tena. Ukiwa na shaka, chora mwisho wa mstari na kalamu ya wino, sukuma fremu kwa nguvu, uangalie kama mstari umevuka alama ama unafunguka.

Mahali bomba la kiti linaungana na bomba la juu. Watu huweka nguzo ya kiti fupi sana ndani na kuipandisha juu, halafu inafanya kazi ya mtaimbo hapo ndani.

Mkono wa nyuma, kwa kona na karibu na breki. Na mahali ekseli ya gurudumu inakaa.

Chini ya stika. Ndio, stika. Fremu ya mtumba ikiwa na stika mpya ya kung'aa mahali pasipo na maana, uliza kwa nini iko hapo.

Kama ni kaboni, chukua sarafu ya shilingi kumi, gonga pole pole kwa mstari mmoja. Sauti inatakiwa kuwa kali na sawa. Ikigeuka nzito ghafla mahali fulani, kuna kitu kimeachana ndani. Kusema ukweli, kaboni ya mtumba yenye huijui historia yake, mimi siigusi. Alumini huonyesha majeraha yake. Kaboni inaeza kuficha.

"Fundi atapiga welding tu"

Hii sentensi imelaza wasee wengi. Kwa fremu ya chuma kama Black Mamba, fundi wa jua kali anaeza kuunganisha na ikakubeba miaka. Chuma inasamehe. Alumini ni mnyama mwingine.

Fremu nyingi za alumini ni za aina kama 6061. Zikishachomelewa kiwandani zinapikwa tena kwa joto linalopimwa na kupoezwa kwa mpango, ndio zipate nguvu. Hiyo ndio maana ya herufi T6 unaona imeandikwa kwa fremu. Ukichoma tena barabarani, sehemu iliyo kando ya welding inalainika na kupoteza karibu nusu ya nguvu, na hakuna fundi wa mtaa ako na jiko la kuirudisha. Welding yenyewe inakaa imara. Inavunjika sentimita mbili pembeni.

Naongea hii nikijua. Nilikuwa na fremu ilipasuka kwa mkono wa nyuma, nikapigiwa welding safi sana, hata nikaipaka rangi. Safari ya tatu, kwa mteremko wa kawaida tu, ikaachana kando ya ile welding. Mfupa wa bega ulivunjika na wiki sita nilikuwa nakula na mkono wa kushoto. Na hapo nilikuwa na bahati juu nilianguka kwa majani chai, si kwa mawe.

Tofauti ingine: alumini inachoka. Chuma ikibeba mzigo wa chini ya kiwango fulani inaeza kuubeba bila kuhesabu. Alumini inahesabu kila kishindo, hata kidogo, na siku moja hesabu inaisha. Ndio maana fremu ya alumini ya daunihili iliyokimbizwa misimu mitano si sawa na fremu ya umri huo iliyokaa kwa garaji ya mtu. Uliza ilitumika wapi, na angalia kama mwili wa fremu unakubaliana na hiyo story.

Viungo, unyoofu na shoki

Fremu ya shoki mbili iko na viungo, kama bawaba za mlango. Shika kiti ama bomba la kiti, inua nyuma kidogo kidogo. Ukisikia "tak" kabla shoki ianze kusonga, kuna beringi zimekufa ama bolti imelegea. Shika gurudumu la nyuma, sukuma kushoto na kulia. Mchezo kidogo wa beringi hauogopeshi, juu beringi zinabadilishwa. Ukiona tundu la fremu lenyewe ndio limepanuka, beringi inaingia na kutoka kwa kidole, wacha hiyo fremu.

Beringi ziko na namba kwa kando, kwa mfano 6902-2RS, maana yake ndani milimita 15, nje 28, upana 7, na mpira wa kuzuia vumbi pande mbili. Duka la spea za nduthi linajua huo mfumo wa namba. Andika namba zote kabla ulipe, pitia dukani uulize bei. Fremu inaeza kuwa na beringi nane ama zaidi, na hiyo doh ni sehemu ya bei ya fremu. Na usinunue zisizo na mpira. Kisii inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, karibu kila mwezi kuna kitu kinanyesha. Matope mekundu yatazimaliza haraka.

Unyoofu ni kazi ya uzi. Funga uzi kwa nafasi ya ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe shingo, uurudishe upande wa pili. Pima na rula kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikitofautiana sana, fremu imepinda. Kuna fremu chache nyuma yake imeundwa makusudi ikisukumwa upande mmoja, so ukiona tofauti hakikisha kwa kuweka gurudumu na kuangalia kama linakaa katikati.

Ukiwa umeweka gurudumu, angalia nafasi kati ya tairi na mkono wa nyuma. Kidole kinapita? Udongo wa Gusii ukilowa unashika kama unga wa chapati. Nafasi ikiwa ndogo, baada ya mita mia mbili gurudumu halizunguki tena.

Shoki sasa. Pima kutoka katikati ya tundu moja mpaka la pili, na urefu wa sehemu inayozama. Kwa fremu za kitambo utapata saizi kama 241 kwa 76 ama 222 kwa 70, kwa za karibuni 225 kwa 75 ama 250 kwa 75. Fremu inakubali saizi yake peke yake. Mtu akikuuzia fremu bila shoki kwa bei ya kutupa, hesabu bei ya shoki kwanza, juu hiyo ndio inaeza kula doh kuliko fremu.

Kama ni ya springi, angalia namba imeandikwa hapo, kwa mfano 300 x 3.0. Namba ya kwanza ni ratili ngapi zinahitajika kuibana inchi moja. Hesabu iko hivi. Wewe na helmeti na viatu mko kilo 70. Karibu asilimia 65 inakalia nyuma, kilo 45 na nusu. Fremu ina mwendo wa milimita 200, shoki inazama 75. Gawa 200 kwa 75, unapata karibu 2.7. Hiyo inamaanisha shoki inasikia uzito wako mara 2.7, kama kilo 121, yaani ratili 267. Ukikaa tu juu ya baiki, unataka shoki izame asilimia 30, milimita 22, karibu inchi 0.9. Gawa 267 kwa 0.9, unapata karibu 300. Springi yako ni ya 300.

Ukipata fremu yenye springi ya 500, huyo mwenyewe alikuwa jamaa wa kilo mia na kitu. Kwako hiyo itakuwa kama kukalia mti. Springi inabadilishwa, lakini sema hiyo wakati wa kupatana bei. Kama shoki ni ya hewa, utahitaji pampu yake maalum, ile ya tairi haifiki. Jaza, acha usiku mzima, cheki asubuhi kama imeshuka. Mafuta kwa ile fimbo ya kung'aa, ama mikwaruzo yenye kucha inanasa, ni kazi ya fundi wa shoki, na hao si wengi huku.

Je, vitu vitaingia?

Fremu nzuri yenye haupati spea ni pambo la ukuta. Pima hizi:

Shingo. Za kitambo ni bomba lililonyooka la foki ya inchi 1 na 1/8. Za karibuni zimepanuka chini mpaka inchi 1.5. Foki ya kisasa haiingii kwa shingo nyembamba. Na ile foki ya kushikwa na mataji mawili juu na chini ya shingo, kama ya nduthi, si kila fremu inaruhusiwa kuibeba. Ikiwekwa kwa fremu isiyoundwa kwa hiyo, inang'oa shingo.

Upana wa nyuma. Kuna milimita 135, 142, 148, 150 na 157. Kila moja inataka habu yake. Fremu za zamani za daunihili mara nyingi ni 150, na habu zake huku utazitafuta mpaka uchoke.

Saizi ya gurudumu. Hapa fremu ya zamani ya inchi 26 inashinda. Ulaya wanaitupa juu wamehamia 27.5 na 29. Huku kwetu tairi na tyubu za 26 ziko kila soko. Pata tu zile pana, kuanzia 2.3.

Breki. Ukipata breki za mafuta, jua ni mafuta gani. Shimano inatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za kitambo za Avid na SRAM zinatumia DOT, kama ya nduthi za diski. Ukimwaga DOT kwa Shimano unaua mipira yake ndani, na utagundua ukiwa kwa mteremko.

Mwisho, pindua fremu uangalie namba imechongwa chini ya pedali. Imekwaruzwa? Ondoka. Iko? Ipige picha, uandikiane na muuzaji kwa karatasi. Fremu ya wizi itakurudia.

Ile ya machungwa ilikuaje?

Tulienda na binamu tukaione. Kwa macho ilikuwa moto. Muuzaji akatuambia imetoka Uingereza juzi, hata haijaguswa. Tukaomba maji na kitambaa. Akanuna kidogo, akatoa. Chini ya shingo kulikuwa na stika nyeusi, mpya kuliko fremu yenyewe. Binamu akaishika na kidole, akasikia mawimbi. Tukaibandua. Rangi ilikuwa imepasuka kama tope lililokauka, na ndani yake kamstari kembamba kando ya welding.

Muuzaji akasema, "Hiyo ni rangi tu, boss. Na kama unaogopa, fundi yuko hapo nje, dakika kumi."

Binamu hakusema kitu. Njiani kurudi Marani alinyamaza mpaka tukashuka. Alikuwa ameshachagua jina la hiyo baiki.

Baada ya wiki tatu alipata ingine. Kijivu, inchi 26, milimita 170, imekwaruzwa kila mahali, shingo imenyooka, welding safi. Beringi mbili zilikuwa zimekufa, tukaziandika namba na kuzitoa kwa bei. Ilimgharimu ngiri ishirini na mbili. Zile nane zilizobaki, moja ikaenda kwa beringi, na zingine akanunua helmeti ya kufunika mdomo na magoti ya kujikinga. Nilimwambia mapema, fremu bila helmeti sisaidii kubeba.

Jumamosi ya kwanza tulipanda nayo kwa mguu mpaka juu, umande bado uko kwa majani. Hizo njia si za mashindano, ni za watu kwenda mtoni, shule na sokoni. So tulitembea njia yote kwanza, tukihesabu kona zenye huoni mbele, na kwa kila moja tukakubaliana breki kabla ya kona.

Akashuka. Kona ya tatu kulikuwa na omogaka na ng'ombe wake wawili wamejaza njia. Binamu akabana, nyuma ikazama, baiki ikasimama mita kama nne kutoka kwao. Akatoa helmeti, akasalimia kwa heshima. Omogaka akaiangalia ile springi kwa muda, akauliza kama hiyo inabeba gunia ngapi za mahindi.

Sasa wewe: ile fremu umesave kwa simu, umeicheki chini ya shingo? Tuma hii kwa yule msee wako anataka kutuma doh leo jioni.